Siku yako ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha: mwongozo kwa kuruta wa Nyanda za Juu Kusini

Risasi tano za kwanza nilizopewa maishani zilitoka zote, na karatasi yangu ikarudi na tundu moja. Hata hilo moja jirani yangu wa kulia alidai ni lake, na sikuwa na la kubishia. Yalikuwa mafunzo ya mgambo, mkoani Iringa, asubuhi ya mwezi wa sita, ukungu umelala juu ya mipaina kama moshi wa jiko la kuni. Macho yangu yalikuwa mazima. Mikono ilikuwa imezoea jembe. Nilijiona nimekamilika.

Afande hakunigombeza. Alichukua bunduki, akanipa mgongo kidogo, akafanya anachojua yeye, akanirudishia. "Piga." Nikalenga, nikavuta. Ikalia "ta!" kavu, kumbe hakuweka risasi ndani. Lakini mtutu ulikuwa umeinama kuchimba ardhi, macho nimeyafumba, bega nimelisukuma mbele kama mtu anayefungua mlango uliokwama. "Kijana," akasema, "bunduki haijalia, wewe umeshalia."

Kama utasoma kipande hiki tu na kuacha mengine, umepata kiini. Mtu wa siku ya kwanza hakosi shabaha kwa sababu ya macho. Anakosa kwa sababu mwili wake unaukimbia mlio kabla haujatoka. Karibu kila ninalokueleza hapa chini ni la kuuzoesha mwili usikimbie, na la kuhakikisha kwamba ukikimbia hakuna anayeumia.

Nani hufika uwanjani, na kwa njia gani

Huku kwetu watu hawaendi shabaha kama wanavyokwenda kucheza pool. Wengi hufika kwa mlango wa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa. Hao ni vijana waliomaliza kidato cha sita, wanaoitwa kwa mujibu wa sheria (utaratibu uliorudi mwaka 2013 baada ya kusimama tangu miaka ya tisini), pamoja na wale wa kujitolea. Ukipangiwa Mafinga, au Itende pale Mbeya, baridi utaijua kabla ya kuijua bunduki. Mlango wa pili ni mgambo, jeshi la akiba, ambalo mizizi yake ni Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo. Wa tatu ni ajira ya ulinzi. Wa nne ni wa mtu anayeomba leseni yake mwenyewe chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huyo ataanzia serikali ya mtaa au kijiji na polisi, siyo dukani.

Mlango ambao haupo ni ule wa "twende shambani kwa mjomba tukajaribu". Kushika na kupiga silaha usiyo na kibali nayo ni kosa, hata kama mjomba ana kibali chake. Na kama babu yako alikuwa na gobole akakufundisha kulipiga, mshukuru, kisha usahau. Gobole linafundisha kufumba macho.

Wiki moja kabla

Anza na jicho. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza, na si lazima liwe la upande wa mkono anaoutumia. Nyosha mikono mbele, viganja vikipishana viache kitundu kidogo, na ndani ya kitundu hicho weka kitu cha mbali: nguzo ya umeme, mpaina, bati la jirani. Sasa fumba jicho moja, halafu badilisha. Jicho ambalo kitu kinabaki ndani ya kitundu ndilo linaloongoza. Kama ni la kushoto na wewe unatumia mkono wa kulia, mwambie mkufunzi mapema. Atakuelekeza ulenge kwa bega la kushoto au ufumbe jicho hilo. Bila kujua hivyo utashinda siku nzima ukilaumu bunduki.

Kisha kidole. Chukua kalamu ya kubofya, ile yenye springi. Ishike kama unavyoshika bomba la baiskeli, weka kitako chake kwenye nyama ya kwanza ya kidole cha shahada, ubonyeze polepole kiasi kwamba hujui italia lini. Ikilia "tik" wakati uliopanga wewe, umeharibu. Ikilia ukashangaa, ndivyo. Fanya hivyo mara ishirini kila jioni ukiwa umekaa na chai yako. Watu wa nyumbani watakuuliza una nini. Waambie unasomea mtihani.

Halafu masikio, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumia bila kujua. Mlio wa ghafla huanza kulihatarisha sikio ukifika kiasi cha desibeli 140, na bunduki ya kivita huvuka 150 kwa aliyeishika. Ukisikia filimbi kichwani baada ya shabaha, usijisifu kwamba umeiva. Hilo ni sikio linalalamika, na vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa haviotei tena. Pamba ya dukani haisaidii kitu cha maana. Nenda kwenye duka la vifaa vya usalama kazini, ulizia vizibo vya sponji au vile vikofia vya masikio wanavyovaa watu wa mashine za mbao. Mafinga na Makambako, ambako kila kona kuna kiwanda cha mbao, huwezi kuhangaika kuvipata. Kabla ya kuvitumia kambini omba ruhusa.

Kizibo cha sponji kina namna yake. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti nene. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio kwenda juu na nyuma, ingiza kizibo, kisha kishikilie kwa kidole hadi uhesabu thelathini wakati kinavimba ndani. Sauti yako mwenyewe ikisikika kama ya mtu aliye ndani ya pipa, kimekaa. Kikining'inia nje kama sigara, hakijakaa.

Nguo: shati la mikono mirefu lenye kola inayofunga, maana ganda la risasi hutoka likiwa la moto na linapenda sana shingo. Viatu vya kufunika. Sweta jepesi, siyo koti nene, kwa sababu koti nene linakifanya kitako cha bunduki kiteleze begani. Baridi ya Juni na Julai inatia vidole ganzi. Kaa na mikono kwapani mpaka zamu yako ifike. Aliyetoka pwani ajue pia kwamba Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Mbeya mjini kama 1,700. Ukikimbizwa mchakamchaka halafu ukalazwa kulenga, pumzi itakuchezesha. Simu iache bwenini. Picha za kambi na silaha zimewaponza wengi.

Sheria zisizo na mjadala

Kila bunduki ina risasi, hata uliyoona ikikaguliwa sasa hivi. Mtutu hauelekei kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole hakiingii kwenye triga (kifyatulio) mpaka macho yako yawe kwenye shabaha. Na ujue kilicho nyuma ya shabaha: tuta, msitu, au njia ya watoto wa shule. Risasi ya bunduki ndogo ya .22, ambayo watu huiita ya kuchezea, inaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na nusu. Ndiyo maana uwanja una tuta la udongo na bendera nyekundu, na ndiyo maana mchungaji wa ng'ombe akionekana upande ule kila kitu kinasimama.

Sheria hizo utaimbishwa mpaka uziote. Wasichokuambia kwa nguvu ya kutosha ni wakati zinapovunjwa. Hazivunjwi na mtu anayelenga. Anayezivunja ni mtu ambaye bunduki yake imegoma, akageuka kumwambia mkufunzi, "Afande, imekataa," na mtutu ukageuka pamoja naye, ukiwapitia wenzake wote mstarini kama fagio. Nimeona watu kumi wakilala chini kwa mpigo kwa sababu ya kijana mmoja mwenye adabu aliyetaka kumwangalia mkubwa wake usoni. Kwa hiyo jizoeze hivi: bunduki ikigoma, shingo hugeuka, mabega hayageuki. Afadhali usigeuke kabisa. Nyosha mkono wa kushoto juu, macho mbele, kaa kimya. Uwanjani kumpa mkubwa kisogo ndiyo heshima.

Kulala mstarini

Utaitwa kwa namba. Utatembea hadi mstari wa kufyatulia, utasimama nyuma ya bunduki, na hutaigusa. Ngoja amri. Maneno ya amri hutofautiana kidogo kati ya kambi na kambi, ila mpangilio ni uleule: lala, chukua silaha, weka risasi, koki (vuta mpini nyuma uingize risasi ndani), lenga, piga, acha. Neno la kusimamisha upigaji ni la mtu yeyote. Hata kuruta wa mwisho akiona hatari anaruhusiwa kulipaza, na wote huacha.

Bunduki yenyewe yaelekea itakuwa SAR (aina ya SKS, hutoa risasi moja kila ukivuta triga) au SMG (aina ya AK-47), zote mbili za risasi ya milimita 7.62. SAR ina uzito wa kilo nne kasoro na inabeba risasi 10. Magazini (kisanduku cha risasi) ya kawaida ya SMG inabeba 30, lakini wewe utapewa tano au zaidi kidogo, zikiwa zimehesabiwa. Ukibahatika kuanza na .22 usione umedharauliwa. Haina teke, na ndiyo mwalimu bora kuliko wote.

Lala kwa tumbo, mwili ukienda mshazari kidogo kushoto kwa mtutu kama unatumia mkono wa kulia. Miguu panua, visigino vigusane na ardhi. Kiwiko cha kushoto kiweke karibu na chini ya bunduki kadiri unavyoweza, kwa sababu mfupa hauchoki na msuli unachoka. Kitako kikae kwenye bonde la bega, pale panapobonyea kati ya mtulinga na kiungo cha mkono, kisikae juu ya mfupa. Kivute kwa uthabiti. Kinachoumiza bega ni nafasi unayoiacha kati ya bega na kitako, maana bunduki huipata kwanza nafasi hiyo kisha ndipo inakupiga teke. Shavu lilaze juu ya mbao ya kitako kama unavyolilaza kwenye mto. Mkono wa kulia uweke mbali na mpini wa kukokia, ambao hurudi nyuma kwa nguvu kila risasi inapotoka.

Kulenga

Kilengeo cha nyuma kina kinafasi, cha mbele ni kama msumari uliosimama. Msumari ukae katikati ya nafasi, kichwa chake kiwe sawa na kingo za juu, na mwanga ulingane kulia na kushoto. Kisha usogeze picha hiyo yote chini ya duara jeusi au katikati yake, kama ulivyoelekezwa.

Sasa linakuja jambo ambalo akili inalikataa: angalia msumari, usiangalie shabaha. Jicho haliwezi kuona karibu na mbali kwa wakati mmoja. Msumari uwe na makali kama wembe, duara jeusi lififie. Hesabu yake ni hii: msumari ukihama milimita 1 ndani ya nafasi yake, kwenye bunduki ya urefu wa SAR risasi itahama kama sentimita 20 kwenye ubao wa mita 100. Lakini ukiwa umeshika msumari sawasawa halafu shabaha ikayumba sentimita 5, utakosea sentimita 5 tu. Na kabla ya kuanza tupia jicho namba za kilengeo cha nyuma: 1 maana yake mita 100, 2 mita 200, na kuendelea. Aliyetangulia huenda alizichezea.

Vuta pumzi, itoe, na ile ya mwisho iliyobaki kifuani iache hapohapo. Una sekunde kama tano hadi nane za utulivu. Zikipita hujafyatua, usilazimishe. Pumua, anza upya. Hakuna anayekukimbiza, hata kama jirani zako wanapasua anga.

Kisha kalamu. Nyama ya kwanza ya kidole, bonyeza moja kwa moja kuja nyuma, polepole, polepole, macho kwenye msumari. Wahehe wa mtemi Mkwawa pale Lugalo, huku Iringa, tarehe 17 Agosti 1891, walijificha wakangoja safu ya Wajerumani iwafikie karibu ndipo wakaivamia, wengi wakiwa na mikuki tu, dhidi ya bunduki na mizinga. Mimi ni mtu wa Iringa, mtanisamehe kumtaja Mkwawa kwenye kila jambo, lakini ile subira ndiyo ninayoizungumzia. Mlio unapaswa kukukuta bado unabonyeza.

Mlio ukitoka, usinyanyue kichwa kuangalia umepiga wapi. Risasi ya SAR inafika mita 100 kwa muda usiofika robo sekunde, mbele ya sauti yake yenyewe, hutaiona. Kaa na shavu palepale, triga ukiwa bado umeibonyeza, hesabu moja, kisha iachie. Anayechungulia baada ya kila risasi huanza kuchungulia kabla ya risasi.

Ikigoma

Ukivuta, ikalia "ta" bila kishindo, usikoki upya. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, nyosha mkono, hesabu sekunde 30, kwa maana baruti nyingine huwaka kwa kuchelewa. Mkufunzi atakuja.

La hatari zaidi ni mlio hafifu, "puf", kama wa chupa ya soda iliyochacha. Hapo huenda risasi imekwama katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka usoni kwako. Acha hapohapo. Ni bora uonekane mwoga mara kumi.

Na ganda la moto likikuingia kolani, litaunguza kidogo. Acha liunguze. Weka bunduki chini ikielekea mbele, ndipo ujikune.

Kusoma karatasi

Mkienda kutazama mbao (baada ya silaha zote kukaguliwa, zikaachwa chini wazi, na hakuna mtu aliyebaki nazo), usitafute kwanza tundu lililo karibu na katikati. Tafuta ukaribu wa matundu yenyewe kwa yenyewe. Matundu matano yaliyokusanyika mahali panapofunikwa na kiganja, hata yakiwa pembeni kabisa, ni kazi nzuri: mtu yuko sawa, kilengeo ndicho cha kurekebishwa. Matundu yaliyotawanyika kama kuku waliotupiwa mtama ni ya kidole na pumzi, na hapo usimruhusu mtu aguse kilengeo. Yakishuka mengi chini, wewe ni kama mimi: unaukimbia mlio.

Dawa yake ni ileile ya afande wangu. Mwombe mkufunzi akuwekee silaha bila wewe kujua kama ina risasi au haina. Siku tulivu anaweza pia kukulaza na bunduki tupu, akaweka shilingi juu ya mtutu karibu na msumari, ubonyeze triga bila kuiangusha. Mimi shilingi ilianguka mara tisa. Ya kumi ilitikisika ikabaki.

Upepo usiusingizie. Hata ule wa Makambako, unaokaribia kumvua mtu kofia, kwa mita 100 unaisogeza risasi hii sentimita chache tu.

Kabla ya kuondoka

Maganda yanaokotwa na kuhesabiwa. Risasi tano zilizotoka, maganda matano yarudi, na mtapiga magoti kwenye nyasi mpaka la mwisho lionekane. Usiweke hata moja mfukoni kwa ajili ya ufunguo wa pikipiki. Likigundulika getini utaeleza mpaka usiku. Utakaguliwa, utaulizwa kama una risasi au ganda, utajibu kwa sauti.

Kisha nawa. Risasi na baruti huacha vumbi la madini ya risasi mikononi na usoni, na hilo halifai tumboni. Maji baridi na sabuni, kabla hujashika muhogo au kikombe cha uji. Maji ya Mafinga mwezi wa sita ni baridi yasiyohitaji kuagizwa.

Mwisho ni usafi wa silaha. Kamba yenye kipande cha kitambaa na mafuta kidogo hupitishwa ndani ya mtutu, ikitokea upande wa chemba (chumba cha risasi) kwenda mdomoni. Kitambaa cha kwanza hutoka cheusi kama chungu. Cha tatu kijivu. Utaendelea mpaka kitoke cheupe, kisha afande atakivuta chake mwenyewe na kitatoka na weusi, nawe utaanza upya. Soma namba ya bunduki, hakikisha ndiyo uliyoandikiwa asubuhi, irudishe, weka sahihi.